Jina la Mwinyi: maswali tunayoulizwa kila mara Bagamoyo na Tanga

Kazi yangu ni kujaza fomu. Nina steshenari ndogo Bagamoyo, mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, na wateja wanaokuja na bahasha za kaki zilizojaa vyeti vya tangu enzi za babu zao. Hapa mjini sijaona jina linalozua maswali kama Mwinyi. Mmoja anataka kujua kama ana udugu na Rais Mwinyi, mwingine kama ana haki ya shamba, wa tatu anashangaa tu kwa nini kitambulisho kimesema hivi na kadi ya benki vile. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi rudi, pamoja na yale ya jamaa zangu wa Tanga, ambako ndiko kwa mama.

Watu wote wanaoitwa Mwinyi ni ukoo mmoja?

Hapana. Kama una haraka, chukua jibu hilo uende nalo.

Mwinyi lilikuwa neno la cheo na heshima kabla halijawa jina la kuandikwa kwenye cheti. Cheo hicho walikuwa nacho watu wengi, katika miji mingi ya pwani, kwa karne nyingi. Mwinyi wa Bagamoyo na Mwinyi wa Makunduchi wanaweza wasikutane hata kwa bibi mmoja. Na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa mmoja anaandikwa Mwinyi na mwenzake haandikwi, na wote wawili wako sahihi. Inavyokuwa hivyo nitaeleza nikifika kwenye vyeti.

Si ajabu ya jina hili peke yake. Jumbe, Diwani, Akida, Liwali, Shehe: vyote vilikuwa vyeo, na leo utavikuta kwenye daftari la mahudhurio la shule yoyote ya pwani. Mwaka 1984 Zanzibar, Aboud Jumbe alipojiuzulu urais, aliyeshika nafasi yake ni Ali Hassan Mwinyi. Cheo kimoja cha zamani kikampisha kingine, na sidhani kama kuna aliyeliona jambo hilo siku hiyo.

Neno lenyewe lina maana gani?

Bwana. Mtu mwenye mji, mwenye amri, mtu wa watu. Ni ndugu wa “mwenye” ya kila siku: mwenye nyumba, mwenye mali, mwenyeji. Ukienda kaskazini, Lamu, utalikuta kwa umbo la Mwenye, hasa kwa masharifu. Mshairi Sayyid Abubakar aliyejulikana kama Mwenye Mansabu ni mmoja wao.

Ukiingia bara linageuka mwene. Msafara wa Stanley ulipotoka hapa Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, ulipita mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo. Livingstone naye, huko Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, aliandika jina la mtawala mmoja kuwa Moenekuss. Kusini zaidi kulikuwa na Mwene Mutapa, ambaye Wareno walimwandika Monomotapa. Watu hawa hawana ukoo mmoja wala lugha moja. Ila mzizi ni wa Kibantu, na wazo ni lilelile: nchi au mji uko mikononi mwake.

Kwa hiyo si Kiarabu?

Si Kiarabu. Linachanganya kwa sababu jina linalolifuata mara nyingi ni la Kiarabu: Mwinyi Bakari, Mwinyi Haji, Mwinyi Kheri.

Ni jina la Waislamu tu?

Wengi wao ni Waislamu kwa sababu pwani yenyewe ni ya Waislamu wengi. Jina lenyewe halina dini. Bagamoyo tuna misheni ya Wakatoliki tangu mwaka 1868, na Mkristo ambaye babu yake ni Mzaramo au Mkwere anaweza kuitwa Mwinyi bila kuulizwa na padri.

Mwinyi Mkuu alikuwa nani? Ndiye babu yetu sote?

Mwinyi Mkuu kilikuwa cheo cha mtawala wa wenyeji wa Unguja, aliyekuwepo kabla ya masultani wa Oman na akaendelea kuwepo chini yao. Anayekumbukwa zaidi ni Muhammad bin Ahmed, aliyejenga jumba la Dunga katikati ya kisiwa kati ya mwaka 1846 na 1856. Magofu yake yapo hadi leo na unaweza kwenda kuyaona. Alama za utawala wake zilikuwa ngoma na siwa, zile pembe kubwa zinazopulizwa siku za mambo makubwa. Mwanawe Ahmed alifariki mwaka 1873 bila kuacha mrithi, na cheo kikaishia hapo.

Sasa sikiliza vizuri wewe uliyetumwa na shangazi yako. Mwinyi Mkuu alikuwa mmoja kwa wakati mmoja. Mamwinyi walikuwa wengi mno. Kusema kila Mwinyi ni wa Dunga ni sawa na kusema kila Shehe ni wa msikiti mmoja. Na wale wenye jina la Mwinyimkuu likiwa limeunganishwa, ambao hapa kwetu wapo, nao wasikimbilie Dunga. Watoto hupewa majina ya wakubwa bila kuzaliwa nao.

Na hapa Bagamoyo, mwinyi alikuwa nani hasa?

Hapa jibu linakuwa refu, nivumilieni.

Kabla ya Wajerumani mji ulikuwa na waungwana wake. Washomvi, ambao historia yao imeshikana na Kaole, kilomita chache kusini ya mji, walikuwa na madiwani na majumbe. Wazaramo nao walikuwa na mapazi, yaani machifu wao, huko nyuma ya pwani. Baadaye Sultani wa Zanzibar akaweka liwali wake. Katika orodha hiyo mwinyi hakuwa na ofisi. Ni neno lililotangulia jina la mtu aliyehesabiwa kuwa muungwana, mtu wa nasaba au mtu wa mali, kama tunavyosema Bwana fulani au Mzee fulani, ila zito zaidi. Huwezi kumwita mwinyi mtu ambaye mji haujamkubali.

Misafara ya bara iliwaongeza. Mtu aliyetoka Mrima, pwani yetu hii, na bunduki, nguo na shanga, akakaa Ujiji au Nyangwe miaka, akawa na watu na biashara ya pembe, huyo haitwi tena Kheri tu. Ndivyo tunavyompata Mwinyi Kheri, mkubwa wa Ujiji miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, ambaye Wazungu walimwandika Muini Kheri. Ndivyo pia tunavyompata Mwinyi Mohara wa Nyangwe, aliyepigana na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Lakini mtu wa Bagamoyo ninayependa kumtaja kwa swali hili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu ndiye aliyeandika kwa urefu desturi za Waswahili, maandishi yaliyochapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903, na mpaka leo mtu akitaka kujua harusi, ngoma, maziko au vyeo vya pwani vilikwendaje zamani, anaanzia kwake. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Akaoa Mjerumani mwaka 1904. Wenyewe walipofunga safari ya kurudi Afrika Mashariki, serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka, wakarudishwa walikotoka. Alifia Berlin mwaka 1927.

Litazame jina lake. Mtoro ni lake mwenyewe. Mwinyi Bakari ni baba yake, pamoja na heshima yake. Wajerumani walipotaka jina la ukoo la kuandika kwenye makaratasi yao, wakamwandika Mtoro Bakari. Mwinyi ikadondoka. Karani wa Berlin aliona Bakari ndilo jina na Mwinyi ni pambo. Karani wa kwetu, miaka hamsini baadaye, angeweza kufanya kinyume: akaacha Bakari na kubakiza Mwinyi. Familia nyingi zilizopo leo zimepata au zimepoteza jina hili kwa namna hiyo hiyo, kalamu ya karani.

Kwa nini kwa wengine Mwinyi iko mwanzo na kwa wengine iko mwisho?

Mwanzo ni cheo kilichogeuka sehemu ya jina, au jina la kwanza kamili. Mwisho ni jina la baba au babu lililogandishwa na fomu. Katikati ni jina la baba. Mtu mmoja anaweza kulibeba mahali popote kati ya hapo, kulingana na nani alimwandikisha.

Mwinyimvua, Mwinyikondo, Mwinyihaji, Mwinjuma, Mwinshehe: haya ni majina tofauti?

Ni majina kamili, usiyakate. Mwinjuma ni Mwinyi Juma aliyesemwa haraka mpaka silabi ikamezwa. Mwinshehe ni Mwinyi Shehe vivyo hivyo. Dar es Salaam kuna Barabara ya Mwinjuma kule Mwananyamala, na ukiwauliza makondakta hakuna anayejua kuwa anatamka cheo.

Kosa ninaloliona kwenye fomu ni kuyatenganisha: Mwinyimvua anakuwa Mwinyi nafasi ya kwanza na Mvua nafasi ya pili, baba yake anakosa pa kukaa. Kama cheti cha kuzaliwa kimeliunganisha, liunganishe kila mahali. Kama kimelitenganisha, litenganishe kila mahali, hata kama roho inakuuma.

Wanawake wanaitwaje? Kuna mwinyi wa kike?

Mwanamke akiwa na Mwinyi kama jina la tatu hakuna tatizo, ni jina la babu yake kama lilivyo jina lolote. Lakini cheo chenyewe, kwa mwanamke, kilikuwa Mwana. Yaweke pamoja uone: Mwinjuma na Mwanajuma, Mwinyimvua na Mwanamvua, Mwinyikombo na Mwanakombo. Kaka na dada waliozaliwa masika waligawana mvua ileile, mmoja akapewa Mwinyi, mwingine Mwana.

Watu husikia Mwanajuma wakadhani ni mtoto wa Juma. Sivyo. Ni bibi aliyezaliwa Ijumaa. Mwana hapa ni bibi wa heshima, kama Mwana Mkisi wa Mombasa. Nimewahi kumweleza hivyo mama mmoja wa makamo anayeitwa Mwanamvua, akiwa amekuja kutoa kopi ya hati ya kiwanja. Akaniangalia juu ya miwani, akasema, “Mwanangu, kwa hiyo mimi ni mwinyi miaka yote hii na bado nakaa foleni?”

Mimi ni Mwinyi wa Bagamoyo. Nina udugu na Rais?

Pengine. Nionyeshe babu.

Ali Hassan Mwinyi alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 kijiji cha Kivure, Mkuranga ya leo, mkoa huu huu wa Pwani, akapelekwa Unguja angali mdogo akakulia Mangapwani. Alikuwa Rais wa Zanzibar kuanzia Januari 1984, kisha Rais wa Muungano kuanzia Novemba 1985 hadi Novemba 1995. Watu wakamwita Mzee Rukhsa kwa alivyolegeza masharti ya biashara, na ni katika muda wake vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Alifariki tarehe 29 Februari 2024 na akazikwa Mangapwani. Mtu mwenye asili ya Mkuranga kuwa na jamaa Bagamoyo si jambo la kushangaza, pwani yetu ni moja. Ila udugu huo uthibitishwe na wazee wanaojua nani alizaliwa na nani. Jina peke yake halitoshi.

Ninachowapendea watu mfano wa familia hii ni kitu kingine. Inatuonyesha jina la ukoo likizaliwa mbele ya macho yetu. Baba yake aliitwa Hassan Mwinyi. Yeye akawa Ali Hassan Mwinyi, majina matatu ya kawaida ya pwani: lake, la baba, na la tatu likiwa la kushikilia nyuma. Kwa utaratibu wetu wa zamani mwanawe angekuwa Hussein Ali Hassan, na Mwinyi ingeanguka. Haikuanguka. Dokta Hussein Ali Mwinyi, Rais wa Zanzibar tangu Novemba 2020, amelibeba jina la nyuma likiwa limekwisha kuganda.

Linganisha na Karume. Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, na mwanawe Amani Abeid Karume aliyekuwa Rais kuanzia mwaka 2000. Pale Karume limeganda, na jina la babu limerudi mbele kwa mjukuu. Hivyo ndivyo watu wengi wa pwani wanavyofanya siku hizi: mtindo wa zamani mbele, mtindo wa pasipoti nyuma.

Babu ni Mwinyi, baba si Mwinyi, mimi ni Mwinyi. Baba alilikana jina?

Hakulikana. Hili ndilo lile niliahidi kulieleza.

Tuchukue familia ya mfano. Babu anaitwa Juma Mwinyi. Mtoto wake mkubwa aliandikishwa na mjomba, akaandikwa Salum Juma, basi. Mtoto wa pili aliandikishwa shule na babu mwenyewe, mwalimu akauliza “Juma nani?”, akajibiwa Mwinyi, akawa Hamisi Juma Mwinyi. Watoto wa Salum wakawa Asha Salum Juma. Watoto wa Hamisi wakawa Zaina Hamisi Mwinyi. Asha na Zaina ni mtu na binamu yake, wamelelewa ua mmoja, wamekula sinia moja, na kwenye karatasi hawahusiani kabisa.

Wazee hawakuona tatizo. Wao hawakuhitaji jina la ukoo, walihitaji “bin” na “binti”, na kila mtu mtaani alimjua baba wa mwenzake. Tatizo limeletwa na sanduku la fomu lenye maandishi “jina la mwisho”.

Nimwandike mtoto jina la tatu la babu yake, au Mwinyi?

Sheria haikulazimishi. Mimi binafsi nawashauri wazazi wagandishe jina moja, kwa sababu nimeona vijana wanavyohangaika na mikopo ya chuo na pasipoti wanapokuwa na jina tofauti na baba. Mke wangu hakubaliani nami, anasema jina la babu likiondoka babu naye ameondoka. Watoto wetu wana majina manne.

Vyeti vyangu vimeandikwa Mwinyi, Mwenyi na Muinyi. Nifanye nini?

Kwanza usifute kitu wala kurekebisha kwa kalamu. Nimeshuhudia.

Niliwahi kupewa bahasha ya mzee mmoja mvuvi. Cheti cha kuzaliwa, kilichoandikwa kwa mkono kwa wino wa buluu uliopauka, kinasema Mwenyi, ila “e” yenyewe ukiigeuza kwenye mwanga inaweza kuwa “i” iliyokosa nukta. Cheti cha darasa la saba kinasema Mwinyi. Leseni ya chombo inasema Mwinyi Mkuu, maneno mawili, kwa sababu hivyo ndivyo wenzake walivyomwita ufukweni kwa utani, na karani akaandika alichokisikia. Mzee anataka malipo yake, ofisi inataka mtu mmoja, na mbele yake kuna watu watatu.

Tofauti ya tahajia kama hiyo humalizwa kwa hati ya kiapo. Unakwenda kwa wakili au hakimu, unaapa kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, ambaye ni wewe, na unayataja yote herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila karatasi. Ukisahau moja, utarudi. Ukitaka kuliacha jina kabisa au kuliongeza ambalo hukuwa nalo, hiyo si tahajia tena. Hapo unahitaji hati ya kubadili jina, ambayo wakili huitayarisha na inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ukishaipata ndipo unapoanza kubadilisha vitambulisho vingine, kimoja kimoja.

Nakala za zamani za Wazungu zina tahajia za ajabu zaidi, Muini, Moinyi, Munie. Hizo ni za kusoma tu, usizilete kaunta.

Umwinyi ni tusi?

Inategemea nani anasema na kwa sauti gani.

Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kisheria mwaka 1963. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na katika lugha ya siasa iliyofuata, kila aliyekula bila kufanya kazi akapata jina lake: bepari, kabaila, bwanyenye, kupe. Mwinyi naye akaingizwa humo. Umwinyi ukawa tabia ya kukaa barazani, kuagiza maji, kusubiri wengine walime. “Acha umwinyi” utaisikia ofisini, utaisikia kambini, utaisikia kwa mama akimwambia kijana wake aamke. Wanaosema hivyo wengi hawajawahi hata kukutana na mtu anayeitwa hivyo.

Sisi watu wa pwani neno hilo hutupata mara mbili, kwa sababu bara wanatudhania wote ni wavivu wa kibarazani. Watani zetu Wanyamwezi hawakosi kulitumia msibani, na hapo halina ubaya, utani ni utani. Lakini afisa akimwambia mwananchi “huo ni umwinyi” wakati mwananchi anaulizia haki yake, huo si utani.

Kwa mwenye jina: huna haja ya kulibadilisha kwa sababu hii. Kijana mmoja aliniomba tumwandikie barua ya kazi kwa jina la kati tu, akihofia bosi atamcheka. Nilimkumbusha kuwa nchi hii iliongozwa miaka kumi na mtu wa jina hilohilo, na hakuna aliyesita kulitaja.

Tanga nako lipo?

Lipo, hasa mwambao: Tanga mjini, Pangani, vijiji vya huko Tongoni. Ukipanda milimani linapungua, kwani Wasambaa wana mtindo wao wa She-, kama Shekilindi. Wadigo nao wana majina ya ukoo yanayoanza na Mwa-. Hayo msiyachanganye na Mwinyi kwa sababu tu yote yanaanza na “mw”. Jamaa zangu wawili walibishana hilo kwenye kundi la simu la familia mpaka mjomba akafunga kundi usiku.

Mwinyi Zahera, kocha, ni mtu wa Tanga?

Hapana, ni Mkongo. Alifundisha Yanga, na mwaka 2023 alikuwa Coastal Union, ndiyo maana watu wa Tanga huuliza. Kwake Mwinyi ni jina la kwanza. Na si bahati mbaya jina hilo kuwako Kongo: lilifika Manyema na wale wale kina Mwinyi Mohara, likabaki baada ya biashara ya pembe kufa.

Barabara na uwanja?

Barabara ya Ali Hassan Mwinyi iko Dar es Salaam. Ukitokea mjini ukaifuata moja kwa moja, mbele inakuwa Barabara ya Bagamoyo, kwa hiyo ukija kwetu umepita juu ya jina hili. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi uko Tabora. Vyote ni vya heshima ya Rais, si vya ukoo wowote wa Tabora au wa Kinondoni.

Jina linanipa haki ya shamba la babu?

Halikupi. Mirathi ya Kiislamu inakwenda kwa nasaba na ndoa, si kwa herufi za kitambulisho. Mahakama ya Mwanzo itataka cheti cha kifo, kikao cha ukoo, mashahidi wanaowajua warithi. Asha Salum Juma wa kwenye mfano wangu anarithi kwa babake sawasawa na Zaina Hamisi Mwinyi kwa wake. Na mtu asiyehusika, hata akiitwa Mwinyi mara tatu, hapati mnazi mmoja.

Wapo wanaozunguka vijijini wakisema wanakusanya “wana wa Mwinyi” ili wadai ardhi ya zamani, wakiomba ada ya uanachama. Msitoe.

Naweza kumpa mtoto Mwinyi kama jina la kwanza?

Unaweza. Wengi wanalo. Mwandikie vizuri, “y” isikose.

Nataka kujua Mwinyi wetu alitoka wapi. Nianzie wapi?

Usianze na jina, kwa sababu zote nilizozitaja juu. Anza na mahali. Kwa mkubwa aliyebaki kwenu, muulize kwanza kaburi la babu wa babu liko wapi, kisha shamba lilikuwa upande gani, kisha mahari ya bibi ilipelekwa kijiji gani. Wazee husahau majina ila hawasahau njia za kwenda harusini. Muulize upande wa wanawake kwa makini zaidi, maana vyeti vimewaacha wao kwanza. Uliza kama Mwinyi ilikuwa ikitamkwa na jina jingine mbele yake, Mwinyi nani. Hilo jingine ndilo lililopotea, na mara nyingi ndilo jina hasa la mtu.

Nenda asubuhi, kabla jua halijachoma, na umpelekee kitu: sukari, kahawa, au tende kama ni mwezi wa Ramadhani. Sema shikamoo, kaa chini, na usitoe daftari mpaka akuulize umekuja kufanya nini. Ukirekodi kwa simu, mwombe ruhusa. Akitaja watu, andika na waliokufa wadogo pia. Ukimaliza, ukitaka kuchapwa mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, njoo dukani. Karatasi kubwa huisha mapema siku za Jumamosi, kwa hiyo njoo katikati ya wiki.